Gari la Maiti na Bibi Harusi

Niinueni kidogo. Tabia, binti yangu, niwekee mto mwengine hapa mgongoni, kwa sababu haya nnayotaka kuyasema nnayasema nikiwa nimekaa, asije mtu kesho akadai kwamba Bi Mwatima alikuwa akiweweseka. Akili zangu ninazo zote. Sheikh Kificho, karibu hapo kwenye kiti, na wewe Bwana Usi, jirani yangu wa miaka yote, kaa ubavuni kwake. Mmekuja kunitazama mgonjwa, lakini leo nimekuiteni muwe mashahidi. Muhiddin, mwanangu wa kwanza, usisimame mlangoni kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kaa. Na wewe Wanu, mjukuu wangu, njoo huku miguuni kwangu, maana maneno ya leo yanakuhusu kuliko unavyodhani.

Sikilizeni basi, wanangu, na asinikate mtu kauli mpaka nimalize. Asubuhi nilikuwa macho. Mkiniona nimefumba macho mwadhani na masikio nayo yamefumba. Dirisha hili liko juu ya uchochoro, na nilimsikia Muhiddin kwa masikio yangu haya akipeana ahadi na yule bwana anayehamia Dar es Salaam, kwamba kesho baada ya sala ya Ijumaa atakuja na kile kigari chake cheupe, atuachie hicho na achukue Landrova yangu. Gari langu linabadilishwa mimi nikiwa kitandani, roho ingali mwilini! Lo! Hata kunguru wa Darajani hungoja mnyama afe kwanza.

Nnajua utakaloniambia, Muhiddin, nshalisikia mara nyingi. Gari limechoka, mama. Kweli limechoka. Mlango wa nyuma twaufunga kwa kamba ya usumba wa nazi, moshi wake ukipita Mkunazini watu hufunga madirisha, spea hazipatikani siku hizi ambapo hata mchele na unga twavipangia foleni, na mwaka jana breki zilikataa pale Tunguu tukaokolewa na Mungu na lundo la makumbi ya nazi. Sikatai hata moja. Ungekuja ukaniambia, mama, nnawaogopea watoto wangu, ningekusikiliza, kwa sababu mzazi anayewaogopea watoto wake hakosi. Lakini si breki zilizokupeleka kwa yule bwana. Breki ni kisingizio. Sema mwenyewe mbele ya Sheikh kilichokupeleka. Wainuka kwenda wapi? Kaa. Haya, ntasema mimi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, Wanu anaolewa na Abdulla wa Malindi, na mama yake Abdulla ni Bi Shemsa, mwanamke wa heshima zake, sikatai. Wiki iliyopita Bi Shemsa alileta mjumbe hapa ukumbini, akasema wao mke wanamtaka na mahari wameleta, lakini siku ya kumpeleka bibi harusi mlangoni kwao halitosimama gari la maiti, kwa sababu watu watasema mwari kaja juu ya jeneza. Hayo yamesemwa ndani ya nyumba ya Mcha bin Ali, marehemu mume wangu, na mtoto wa Mcha bin Ali alikuwepo, na alichojibu ni nini? Alijibu, "Inshallah, tutatafuta jengine." Kwa upole! Wallahi siku ile homa yangu ilipanda, na wala haikuwa homa ya maradhi.

Wanu, wewe hukuwa umezaliwa bado, acha nikwambie gari hili lilivyoanza. Babu yako alilinunua kwa Mzungu mmoja, bwana shamba, aliyekuwa akirudi kwao kabla ya uhuru, nalo kazi yake ilikuwa kuchukua kamba za usumba wanazosokota wanawake wa kwetu Bwejuu na kuzileta mjini. Siku moja tukawakuta watu wa Bwejuu pale Darajani, wamekaa chini na maiti wao amefunikwa shuka, gari la shamba limewakataa kwa kuwa abiria walisema hawapandi na mfu, na jua nalo linakwenda, na nyinyi mnajua kwetu maiti halazwi. Mcha hakuuliza ni nani. Aliteremsha kamba zake zote akaziacha kando ya njia, akampakia yule maiti. Tangu siku ile, mtu wa Bwejuu au Paje au Jambiani akifia mjini, kabla sanda haijanunuliwa mlango wetu umeshagongwa, na babu yako hakuchukua cha mtu, hata samaki. Na kila gari liliporudi nililiosha mimi, kwa mikono hii, nikalifukiza udi na kulinyunyizia marashi. Muhiddin akinicheka. "La kuvunda halina ubani, mama." Nyoo! Gari halijavunda, mwanangu. Angalia kisije kikavunda kitu chengine.

Tena mnalionea haya jina. Jina hilo mwalijua limetoka wapi? Ile wiki ya Mapinduzi, mwezi wa Januari, mwaka wa sitini na nne, Mcha alikuwa kitandani kwa maradhi ya mguu, na Bi Kurwa wa Bwejuu alikufa hospitali alfajiri. Dereva wetu alikataa kutoka. Nikamwambia, washa, mie ntakaa mbele. Tulipofika nje ya mji tukasimamishwa na watu wenye bunduki. Teremkeni, gari linatakiwa kwa kazi. Nikateremka. Nikaenda nyuma, nikafungua mlango, nikawaambia, "Lichukueni, wanangu, lakini huyu ni mama yenu, amekufa leo na kaburi lake lishachimbwa. Mfikisheni kwanza." Mkubwa wao akatazama ndani, akavua kofia. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akapanda na bunduki yake, akakaa nyuma kando ya jeneza, na kila penye kizuizi akichungulia na kupiga kelele, "Gari la maiti! Pisheni, gari la maiti!" Tulipofika Bwejuu aliiegemeza bunduki ukutani mwa msikiti akatia bega chini ya jeneza na wenziwe. Jioni akalirudisha gari mpaka hapa, akaniambia, mama, ukisimamishwa tena sema hivyo hivyo. Magari mangapi mazuri yalitoka majumbani wiki ile hayakurudi! Langu likabaki kwa jina hilo mnalolificha.

Na huyo Bi Shemsa… sikutaka kusema. Basi ntasema, kwani nikinyamaza leo ntanyamaza moja kwa moja. Mume wake alikufa mjini masika ya mwaka ule wa mvua kubwa, naye aliusia akazikwe kwao Jambiani, na njia ilikuwa maji matupu, hakuna mwenye gari aliyekubali. Nani alimpeleka? Muulizeni mwenyewe. Bi Shemsa alilia humo ndani ya gari njia nzima, kichwa chake kiko begani kwangu, na kanga yangu ndiyo aliyojifutia machozi. Fadhila ya punda, niwie radhi Sheikh, mwisho wake waujua. Lakini sisemi haya ili mumchukie. Mtu aliyekuona siku ya msiba wako, pengine hupendi kumwona tena siku ya furaha yako. Nnamfahamu. Kumfahamu nnamfahamu, ila simtii.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, tena wakasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hicho kigari cheupe kizuri, nimekiona, kinang'ara. Kikipita Paje kuingia ule mchanga wa Bwejuu kitazama mpaka milangoni. Na mimi nikifa mtaniwekaje humo? Mtanikunja? Mtanikalisha kitako kiti cha nyuma, mnifunge ushungi, mseme bibi anakwenda kutembea? Cheka, Tabia, cheka mwanangu, lakini mfikirie na hilo.

Wanu, juzi ulipokuwa unanisinga miguu nilikuuliza moyo wako ukoje, na jibu ulilonipa nataka baba yako alisikie. Ulisema, "Bibi, Abdulla nnamtaka. Na gari sioni haya nalo. Nnaona haya baba alivyojibu." Umesikia, Muhiddin? Mtoto huyu hakukusema kwa watu, amenambia mimi peke yangu, na usiku ule sikulala kwa furaha na kwa uchungu.

Sasa nnausia, na mashahidi wasikie. Nyumba hii na minazi ya Bwejuu gawaneni kama Mungu alivyogawa, Muhiddin mafungu mawili na Tabia fungu moja, bila ya kukunjiana uso. Ugomvi wangu na wale jamaa wa Paje juu ya mpaka wa minazi umekwisha leo, nimewasamehe, na msiufukue. Ama gari, alilonipa Mcha mwenyewe akiwa hai, halimo. Nnajua, Sheikh, kwamba hakuna wosia kwa mrithi. Lakini mjukuu si mrithi wangu maadamu baba yake yu hai, na gari bovu halifiki thuluthi ya nilicho nacho. Nimekosea?

"Hukukosea, Bi Mwatima."

Basi shuhudieni. Landrova nimemuusia Wanu binti Muhiddin.

Usininong'oneze, Muhiddin, sema watu wasikie. "Mama, wataivunja harusi." Huenda. Nami si mjinga, nnajua nnachokicheza. Mtoto huyu nnampenda kuliko macho yangu, na machozi yake yatakuwa juu yangu kaburini. Lakini wakimtaka mke, wamtake na mali yake na watu wake, hai wao na maiti wao. Na wakiivunja kwa gari, basi wangeivunja baadaye kwa jengine, akiwa keshapata watoto. Wanu, likishakuwa lako, kulibadilisha ni hiari yako, si ya baba yako wala ya mkweo. Chuma nacho hufa. Siku mashine itakapokataa kabisa, tafuta jengine wala usililie, lakini liwe na nafasi ya jeneza, na mlango ukigongwa, usiulize ni nani.

Nipeni maji… Bismillahi. Haya.

Yule bwana akija kesho mpeni kahawa, mwambieni mwenye gari ni bibi harusi, na bibi harusi hauzi. Breki zitengenezwe kwanza, msije mkaua na wengine kwa ajili yangu. Nikifa nizikwe Bwejuu, siku ile ile, msingoje mtu wa mbali… Mnipeleke humo humo. Matanga siku tatu, basi, na harusi isiakhirishwe hata siku moja. Atakayesema mnafanya furaha na bibi hajakauka kaburini, mwambieni bibi ndiye aliyetaka.

Nimekuridhieni nyote. Tabia, Mungu akulipe kwa mikono yako. Wanu, Mungu akupe mume atakayekuona ulivyo, na watoto… na maneno ya kuwajibu watu. Muhiddin, wewe nilikuzaa mwanzo, na pumzi hii nilikuwekea wewe. Sogea. Sauti inakwenda.

Siku ya kumpeleka Wanu, dereva asiwe mwengine. Uwe wewe. Usimame mlangoni kwa Bi Shemsa, mchana, watu wakitazama… umfungulie mwanao mlango kwa mkono wako. Upige hodi, useme, nimemleta mwanangu. Basi. Usimtake mtu radhi.

Nipe mkono. Sema utaliendesha.

"Ntaliendesha, mama."

Sema kwa nguvu, baba. Mtoto wako naye asikie…