Bwana Rudia Anaondoka Bila Doa

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Bwana Rudia anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuongoza wageni katika kambi yetu. Atapewa saa ya mkononi, blanketi na keki. Cheti cha Utumishi Bila Doa hatapewa, kwa sababu faili lake lina barua ya onyo inayosema hakumwonya mgeni. Barua hiyo ni ya uongo. Nimeombwa maneno mazuri ya kumuaga, nami nayasema huku mjukuu wangu akiandika, lakini hiyo barua tuimalize kabla keki haijakatwa.

Jina la Rudia tulimpa sisi wa nyuma, watu wa jikoni na wa banda la kufulia. Mgeni akishuka tu kwenye gari, hata vumbi hajapangusa, Bwana Rudia humketisha kwenye benchi, humpa masomo, kisha humtaka ayarudie yote kwa mdomo wake. Daktari anarudia. Jaji anarudia. Kuna mkurugenzi mmoja wa benki alinuna kama mtoto aliyenyimwa sukari, na akarudia.

Mimi ndiye dobi wa kambi, na kamba zangu za kuanikia nguo ziko nyuma ya benchi lile. Lugha ya wageni siijui, lakini masomo hayo nayajua hata kwa lugha yao, maana nimeyasikia miaka kumi na tisa. Begi liwe laini, ndege ndogo haina pa kuweka sanduku gumu. Nguo ziwe za rangi ya vumbi. Bluu na nyeusi acha nyumbani, mbung'o wanazipenda kuliko unavyozipenda wewe. Koti zito lete, alfajiri ndani ya gari lililo wazi utanishukuru. Dawa ya malaria meza mpaka siku ya mwisho aliyosema daktari wako, hata kama umesharudi kwako. Maji kunywa kabla ya kiu. Kwenye gari usisimame ghafla, na usishuke kujisaidia bila kuniambia. Hapa hakuna aibu, kuna simba. Mnyama akija hemani, kaa chini, katikati, usipige kelele. Hemani kusiwe na chakula, hata pipi, na matunda ndiyo kabisa. Tembo ananusa chungwa lililofungiwa kwenye begi kama wewe unavyonusa kitunguu kikikaangwa.

Wakubwa wa wakati ule walimwambia mara mbili aache. Wageni wamelipa wapumzike, si warudi darasa la kwanza. Wakachapisha karatasi nzuri zenye picha. Bwana Rudia akazigawa, halafu akawaketisha wageni benchini kama kawaida. Karatasi zenyewe nilikuwa nazikuta mifukoni mwa suruali, zimekunjwa vilevile, hakuna aliyezifungua.

Mifukoni humohumo ndimo kosa langu lilimoanzia.

Miaka saba iliyopita alikuja bibi mmoja wa umri wangu, mpole, peke yake. Kwenye suruali yake nilikuta maganda ya chungwa yamefungwa kwenye leso. Amri ya Bwana Rudia kwetu ilikuwa moja: ukiona dalili ya tunda, acha unachofanya, njoo uniambie. Yule bibi akaniona nimeyashika. Akaweka kidole mdomoni, akacheka, akanionyesha vidonge vyake na kukunja uso. Nikaelewa kwamba vidonge vilikuwa vichungu na chungwa ndilo lililompoza. Nikamwonea huruma. Niliona haya mtu mzima apekuliwe begi kama mtoto wa shule. Nikanyamaza.

Kesho yake saa sita mchana wageni wengine walikuwa porini, yeye amebaki amelala. Nikasikia kitambaa kinachanika. Dume la tembo lilikuwa limeingiza mkonga kwenye dirisha la hema lake, na kichwa kinaufuata. Wapishi wakashika sufuria wapige kelele. Bwana Rudia akaja anatembea, hakukimbia, akawazuia kwa kiganja. Akatazama nyuma ya tembo, akatazama mashuka yangu ishirini na mawili yaliyotanda kutoka nguzo hadi nguzo. Akaniambia polepole kwamba nimemzibia mnyama njia ya kurudi mtoni, na akishtuka sasa atapita juu ya hema. Niyaanue moja moja, yasipepee.

Sijawahi kuanua nguo namna ile. Nilikuwa hatua thelathini kutoka kwa tembo, namsikia anavyopumua. Kibanio kimoja kikaniponyoka, kikagonga ndoo. Tembo akageuka, masikio yakafunguka kama milango. Hapo ndipo Bwana Rudia aliposema na yule bibi ndani ya hema, kwa sauti ileile ya benchini. Alisema kwa lugha ya wageni, lakini sote tulielewa:

“Mama, ni mimi. Kaa chini, katikati, kama tulivyosema. Leo usirudie. Nyamaza tu.”

Nikaendelea, shuka moja, shuka lingine. Nilipotoa la mwisho, tembo alivuta begi nje, akalikanyaga, akala machungwa yake bila haraka, akapita palipokuwa na mashuka yangu akaenda zake mtoni. Bibi tulimkuta sakafuni amekumbatia magoti, mzima, miwani tu imevunjika.

Jioni nilimweleza Bwana Rudia habari ya maganda. Hakunigombeza. Ofisini yule bibi, kwa aibu, alisema hakumbuki kuambiwa habari za matunda. Bwana Rudia angeweza kunitaja. Akasema kosa ni lake, huenda hakusisitiza. Yeye, hakusisitiza. Wakamwandikia onyo, wakamvua ukuu wa waongozaji, akaendesha lori la mboga miaka miwili. Alijua mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na wajukuu wanne wanakula kwa pasi yangu. Nami nikanyamaza mara ya pili.

Sasa nasema, na meneja wetu mpya asome taratibu. Mgeni alionywa, nilimsikia akirudia somo la matunda, mimi na ndoo yangu. Aliyejua na kunyamaza ni dobi. Barua itoke kwenye faili la Bwana Rudia iingie kwenye langu. Mjukuu atanisomea.

Jana Bwana Rudia alipata fununu, akaja banda la kupigia pasi kunibembeleza nifute maneno haya.

“Dada, wakikunyima mkataba utakula nini?”

“Nitakula kwako. Mkeo anapika vizuri.”

Akacheka, kisha akakaa juu ya kapu la nguo chafu na kufuta macho kwa foronya niliyotoka kuinyoosha. Angekuwa mtu mwingine ningemchapa nayo.

Bwana Rudia, waongozaji kumi na mmoja wamepita mikononi mwako, na wote wanaketisha wageni benchini, wapende wasipende. Maelfu wamerudi makwao wakiwa na viungo vyao vyote, na wengi hawajui ni nani wa kumshukuru. Sisi tunajua. Asante, mdogo wangu. Lala mpaka jua likuchoke. Msikilize mkeo, maana sasa ni zamu yako kupewa masomo. Afya isikukimbie, nyumba yako isikose kicheko, na siku zako zote zilizobaki ziwe njema. Ijumaa nitakaa mstari wa mbele, mikono mapajani, na makofi yangu hayatasikika mpaka nione cheti kiko mkononi mwako.