Kadi ya Pili ya Sista Easter

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Sista Easter Mueni, mkunga mkuu wa kliniki yetu ya wazazi hapa Malindi, atastaafu tarehe 30 Septemba 1987. Alianzia kijijini Adu mwaka 1958, binti wa Kikamba asiyejua hata kusalimu kwa Kigiriama, na leo huwakaripia watu kwa lugha hiyo bila kutafuta neno.

Sifa yake ni kadi ya pili. Kila mjamzito aliyefika alifunguliwa kadi mbili: moja yake, nyingine ya mtoto aliye tumboni, jina "Mgeni". Mwaka 1979, mimi karani nikiwa na wiki mbili tu kazini, nilizihesabu zote kwenye ripoti. Mkaguzi akaja mbio akitaka kuwaona wagonjwa mia mbili waitwao Mgeni. Sista alimpeleka kwenye benchi la wajawazito, akamwomba awahesabu tena, taratibu. Mkaguzi alikunywa chai yetu, nami nikaandika ripoti upya.

Wapo waliomcheka. Lakini Aprili 1982 Bi. Batuli alifiwa na mumewe, ana watoto wanne na mimba ya miezi mitatu. Alikuja kuomba itolewe. Sista hakumkemea. Alimfungulia kadi zake mbili, akampa uji, akamsikiliza hadi adhuhuri. Kisha akamsindikiza kwa kadhi kwenye shauri la mirathi, na huko wakaelezwa kwamba fungu la aliye tumboni katika minazi ya marehemu hutengwa, wala hapana wa kuligusa mpaka azaliwe. Batuli alilia sana. Mimba hakuitoa tena.

Tangu hapo hoja ya Sista barazani ilikuwa moja: "Minazi yake mwailinda, na yeye mwenyewe je? Sheria imlinde mwenye fungu kwanza." Masheikh, mapadri na wazee wa mila wa kaya wote walimsikiliza. Alipoulizwa kuhusu mama mwenye mimba, alijibu kwamba sheria isiyokuja na bakuli la uji ni karatasi tu. Naye hakuishia kusema. Kila Jumamosi alikuwa kwa Batuli, na ndiye aliyemtafutia kazi ya kushona mashuka ya hoteli.

Tuseme kweli, wali wake wa nazi haujawahi kuiva, na tumeula miaka yote kwa adabu. Tutaukumbuka pia, maana tunampenda mno.

Kwenye sherehe, zawadi itatolewa na Jaha, kitinda mimba wa Batuli, atakayetimiza miaka mitano mwezi ujao. Sisi tulitaka kununua saa ya ukutani. Batuli akakataa, akafungua sanduku lake la nguo, akatoa kadi iliyofunguliwa miezi sita kabla Jaha hajazaliwa.

Ahsante, Sista. Nenda ukapumzike kwa raha na afya. Mgeni wako alifika salama.