Kazi ya Dakika Nne: Tukimuaga Mhandisi Ravneet Kaur Sagoo

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mhandisi Ravneet Kaur Sagoo anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka ishirini na saba na miezi minane. Aliingia kazini Machi 1998, wakati karakana ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa katika Mtaa wa Biashara, na anaondoka akiwa mkuu wa idara ya uhandisi hapa Kilimani. Ninayeandika haya ni Naliaka, wa upande wa programu. Meza yangu imetazamana na yake tangu 2011. Kamati ya sherehe iliniomba ukurasa mmoja wa kuchangamsha. Nimejaribu mara tatu, na huu ndio uliotoka.

Siku zile za Mtaa wa Biashara kazi ilikuwa kutengeneza mizani. Wauza nyama walipanda ngazi na mizani mabegani, wakamkuta mama mdogo wa mwili aliyejifunga kitambaa kichwani, nao wakamuuliza fundi yuko wapi.

"Fundi ni mimi. Weka hapo, usiibwage," aliwajibu.

Bisibisi zake alizipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye mpini ili azitambue zikiazimwa. Tulipohamia Kilimani mwaka 2009, vifaa vyote vilipakiwa kwenye lori isipokuwa sanduku la bisibisi hizo, ambalo alilipakata mapajani hadi mwisho wa safari. Mimi aliniajiri kwa kunipa redio iliyokufa. Nikaipata na kasoro tatu, nikajiona nimefaulu.

"Kuna ya nne," alisema. "Hujaniuliza ilianguka ama ilinyeshewa."

Wengi wenu mnamjua kwa vifaa vya kuchunga friji za chanjo, vile visanduku vyeupe vilivyo katika zahanati zaidi ya mia nne. Friji ikipata joto, kisanduku hutuma ujumbe na muuguzi huokoa chanjo kabla hazijaharibika. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, na barua ya pongezi kutoka zahanati moja bado imebandikwa mapokezi. Lakini yeye mwenyewe ameniomba nisiandike sifa za kisanduku hicho bila kuandika habari za Fidel. Alisema nikikataa, atasimama azisimulie mwenyewe mbele ya keki. Basi naandika.

Fidel Mukabana alikuwa fundi wetu wa nyanjani, kijana wa Kabiria, mcheshi, mwenye sauti iliyosikika kutoka maegesho hadi ghorofa ya tatu. Vifaa vilipoharibika huko nje, yeye ndiye aliyeendesha pikapu kwenda kuviona.

Kisanduku chetu kikipata umeme, kwanza huamka programu ndogo ya kuwashia. Inasoma mipangilio michache, kama vile mfumo mkuu umehifadhiwa sehemu gani na kisanduku chenyewe ni nambari ngapi, kisha inauamsha mfumo mkuu na kuuachia kazi. Mwaka 2016 tulikaa kikao kuamua mipangilio hiyo itunzwe wapi. Mimi nilipendekeza iandikwe kwenye chipu ndogo iliyolehemiwa kwenye bodi. Madam Ravneet alitaka iwe faili ndani ya memori kadi.

"Kadi inatoka," alisema. "Fidel akifika huko na kitu ikatae, ataitoa, ataitengeneza kwa laptopu, atairudisha. Chipu ataitoa na nini?"

Alikuwa akimfikiria Fidel. Ningependa hilo lijulikane. Mimi nilifunga daftari, na yeye akatia sahihi.

Kadi hiyohiyo ndiyo iliyoandikwa vipimo vya joto kila dakika. Umeme ulipopotea katikati ya kuandika, mafaili yalivurugika na la mipangilio likaharibika pamoja nayo. Umeme uliporudi, programu ya kuwashia haikupata kitu cha kusoma. Ikasimama, ikingoja mtu aje na kebo aiambie la kufanya. Friji iliendelea kunguruma, ila hakuna aliyejua kama ina baridi.

Ikawa Fidel anasafiri kila wiki. Akifika, anachomeka kebo, anaandika mstari mmoja, anahifadhi, anawasha tena. Alijipima kwa saa ya simu na ilikuwa kazi ya dakika nne. Alizoea kutupigia akiwa hukohuko.

"Madam, nimeendesha masaa matatu nikuje kuandika laini moja," alisema siku moja, simu ikiwa kwenye spika na sisi sote tukicheka. "Hii kitu yenu inasahau jina kila stima ikipotea."

"Vumilia, Fidel. Tutaiangalia."

Tulisema tutaiangalia kwa miaka miwili.

Jumanne ya tarehe 14 Agosti 2018 Fidel alikwenda zahanati moja kupita Limuru. Saa nane na dakika kumi mchana alituma ujumbe: "Imeamka. Narudi." Kulikuwa na ukungu na manyunyu, kama kawaida ya Agosti kule juu. Alipofika Kinoo, karibu kabisa na nyumbani, lori lililokatika breki lilihamia upande wake na kuigonga pikapu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja.

Wiki ya mazishi ilipokwisha tulirudi kazini. Nilimkuta Madam jikoni akisubiri birika, nami nikasema neno ambalo nimelijutia kuliko yote niliyowahi kusema mahali hapa.

"Lakini nilisema mapema, Madam. Nilisema tuiweke kwa chipu."

Hakukasirika. Alizima birika kabla halijachemka.

"Ulisema," alijibu. "Mimi ndiye niliandika kadi."

Siku mbili baadaye alipeleka ripoti ya kwa nini visanduku vilishindwa kuamka kwa mkurugenzi wetu, Bwana Neel. Nilikuwa nimeitwa kueleza upande wa programu, kwa hiyo nilisikia. Bwana Neel aliomba mahali palipoandikwa chanzo pasomeke kuwa ni hitilafu ya umeme. Hakuwa na nia mbaya. Alihofia mkataba wa zahanati na alihofia hatima ya Madam.

"Stima inapotea kila siku, Neel," Madam alisema. "Hiyo si hitilafu. Hiyo ni Kenya. Andika mipangilio iliwekwa mahali inaweza kuharibika, na mimi ndiye niliweka."

"Ukiandika hivyo wanaweza kuuliza kwa nini bado uko hapa."

"Waulize. Barua yangu ya kuacha kazi iko chini ya hiyo ripoti."

Bwana Neel aliichukua ile barua, akaikunja, akaitia mfukoni. Ripoti aliiacha kama ilivyo, na ikaenda kwa wateja wote ikiwa na jina la Ravneet Kaur Sagoo. Alimwambia jambo moja tu: kama anataka kuondoka, kwanza amalize kurekebisha.

Kurekebisha kulituchukua miezi saba. Watu hudhani kuhamisha mipangilio ni kubadilisha mstari mmoja. Mara ya kwanza tulichagua nafasi ndani ya chipu iliyopakana na ile ya programu ya kuwashia yenyewe. Chipu ya namna hiyo haifuti herufi mojamoja, hufuta kipande kizima kwa mpigo, na kipande kilikuwa kikubwa kuliko tulivyodhani. Tulipohifadhi mipangilio tukafuta na mkia wa programu. Bodi tatu zilikufa mezani asubuhi moja. Madam aliandika majina ya wahusika wa kosa hilo ubaoni kama ilivyo desturi yetu, na lake akaliweka la kwanza.

Hatimaye tuliisogeza mbali, tukaipa vipande viwili vilivyotengana. Nakala moja ikiandikwa, nyingine haiguswi, na kila nakala ina hesabu yake ya kuhakikisha ni nzima. Umeme ukikatika katikati, programu inasoma ile iliyosalia. Madam akaongeza sharti lake: hata zote mbili zikiharibika, kifaa kiamke kwa mipangilio iliyojengwa ndani yake, kijiunge na mtandao, kijieleze. Tulikata umeme mara elfu moja na mia mbili kwa mkono, tukipokezana swichi. Zamu nyingi alizichukua yeye.

Kipindi hichohicho alikuwa akienda Kabiria. Mama yake Fidel, Bi Selpher, alikuwa akiishi huko na binti yake Becky. Ziara ya kwanza tulikwenda pamoja. Chai ilikuja, hatukuinywa. Bi Selpher aliuliza jambo moja.

"Siku hiyo mlimtuma akafanye nini?"

Madam angeweza kusema alikwenda kutengeneza mtambo. Alimweleza yote: kadi, mipangilio, ule mstari mmoja, dakika nne.

"Sasa hiyo si mngeifanya kwa simu?"

"Ingewezekana, Mama Fidel. Kama ningeipanga vizuri."

Bi Selpher aliinuka akaingia chumba cha ndani na hakutoka. Tulikaa na Becky karibu saa nzima, kisha tukaaga mlango uliofungwa. Nilidhani hatutarudi tena. Mwezi uliofuata Madam alirudi peke yake, akaketi na Becky, akaondoka. Akarudi tena. Ilikuwa baada ya miezi mitano ndipo Bi Selpher alipotoka, akakaa, akamuuliza kama anakula ugali. Sijui waliongea nini miaka iliyofuata. Najua tu kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi Madam hakupokea simu zetu.

Vifaa mia nne na kumi na viwili vilihitaji kutembelewa mara moja ya mwisho ili vibadilishiwe bodi. Madam, akiwa na miaka hamsini na nne na goti bovu, alijiandikisha kwenye orodha ya safari kama fundi yeyote. Zahanati ile ya kupita Limuru aliifanya ya kwanza. Kitavi, aliyechukua nafasi ya Fidel, anasimulia kwamba Madam alipomaliza kufunga kifuniko alibaki amesimama mbele ya friji mpaka muuguzi akamletea kiti. Bodi ya mwisho tuliibadilisha Novemba 2020.

Machi mwaka uliofuata nilikuwa nikisoma taarifa za asubuhi nikaona mstari ambao tulikuwa tumeuona mezani tu, wakati wa majaribio. Kifaa kimoja kilipoteza umeme kikiwa katikati ya kuhifadhi. Nakala ya kwanza ya mipangilio ilikuwa imeharibika. Kilisoma ya pili, kikaamka, kikaendelea kupima, na hakuna mtu aliyetoka nyumbani kwake kwa ajili hiyo. Nilimwita Madam. Aliinama akasoma polepole, miwani mkononi.

"Sawa," alisema.

Alitoka akaenda kwenye ngazi. Nilipomfuata nilimkuta ameketi kwenye kipandio, uso ndani ya shali, analia kwa sauti kama mtu aliyepata habari za msiba leo. Nilikaa kando yake. Watu wa ofisi ya chini walipita wakatupa pole bila kuuliza.

Tangu siku hiyo imetokea mara mia na zaidi, na hatujamtuma mtu hata mara moja. Kampuni ilitaka kumpa tuzo kwa hilo akakataa mara mbili. Amewafundisha wahandisi kumi na mmoja, nami nikiwa mmoja wao, na kila anayeanza kazi hapa huipokea ile ripoti ya 2018 aisome kabla hajapewa bisibisi. Yeye ndiye aliyeagiza hivyo.

Hajatuambia atafanya nini baada ya Ijumaa. Nilipomuuliza alisema atalala, kisha ataona. Sikumwamini.

Wiki jana nilimpigia Bi Selpher kumwalika kwenye sherehe. Nilimsikia akipunguza sauti ya redio yake.

"Hapo ofisini siwezi kuja, mwanangu," alisema. "Usinilazimishe. Lakini mwambie Jumamosi asije na gari. Miguu yangu imepona, tutatembea mpaka sokoni, turudi tupike."

Madam, nimeufikisha ujumbe. Kwa niaba ya wote uliotufundisha, na kwa niaba ya mmoja asiyeweza kusimama hapa leo, ahsante. Pumzika bila simu ya dharura, nasi tunakuombea siku njema, nyingi, za polepole.