Mama Wino, Mchapaji wa Mabango na Barakoa

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Wino, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi viatu na mkunga. Wa pili ndiye anayewasomea maneno haya.

Alianza shule Januari 1968. Akiwa darasa la tano alirudishwa nyumbani kwa kosa la kumchora mwalimu mkuu akisinzia mezani. Baba aliitwa. Alipoiona picha alijitahidi kununa, akashindwa, na mwalimu mkuu mwenyewe akaomba abaki nayo.

Mwaka 1979 aliingia karakana ya uchapaji kujifunza kazi, na miaka kumi baadaye ikawa yake. Alichora, akakata herufi, akasukuma wino kwenye fremu ya kitambaa hadi kucha zake zikashika rangi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani wa chumba cha jirani. Walijaliwa binti mmoja.

Korona ilimchukua shemeji yetu tarehe 2 Februari 2021. Mama Wino naye alikuwa amelazwa, anapumua kwa oksijeni. Mazishi aliyafuatilia kwenye simu. Mapafu yake hayakuwa yale tena. Aliporudi kazini aliwakusanya wasanii wenzake, wakashona barakoa kwa cherehani ya marehemu mumewe na kuzigawa bure, wakawapelekea chakula wagonjwa waliojifungia ndani.

Vita vya Gaza vilipopamba moto mwishoni mwa 2023, walianza kuchapa mabango ya kuwaunga mkono Wapalestina. Kila bango lilitoka na barakoa yake, limeandikwa: "Kila pumzi ni ya kulindwa."

Mdogo wake alimcheka. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 12 Mei 2025, hapo hapo karakana.

"Dada, korona imeshapita, na Gaza ni mbali. Unajitesa bure."

Hakuinua macho kwenye fremu. "Mimi mume wangu nilimzika kwenye simu. Kuna mama kule, wanawe wako chini ya kifusi, na hata hiyo simu hana. Nimwambie yuko mbali? Hebu fungua dirisha, halafu uvae barakoa. Unakohoa."

Dirisha alilifungua. Barakoa hakuvaa.

Jumatano alipimwa, akakutwa na korona. Ijumaa Mama Wino akapandwa na homa, na tarehe 18 akalazwa. Mdogo wake alipopona alikwenda hospitali, akasimama mbali na kitanda, uso umefunikwa hadi chini ya macho.

"Dada, nadhani ni mimi niliyekuletea."

Ilimchukua muda kupata pumzi ya kujibu. "Huenda. Lakini leo umevaa. Sogea, ukae."

Akakaa. Siku zilizofuata alikuja kila asubuhi, wakaongea kidogo kidogo, mara nyingi juu ya baba.

Mama Wino alifariki Jumatano, tarehe 4 Juni 2025, saa nane mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye.

Ameacha binti, wajukuu wawili, wasanii tisa wa karakana, na mdogo wake mmoja, ambaye mbele yenu nyote anamwomba radhi.

Dada, upumzike kwa amani.