Mama Theodosia na Madirisha Yanayotoroka

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Theodosia Nzeyimana, fundi wa kompyuta wa redio yetu hapa Ngara, anastaafu baada ya miaka ishirini na mbili ya utumishi. Alianza kama mpiga chapa, akaenda kusoma Mwanza, akarudi fundi kamili.

Ana sheria zake. Ukimwendea bila shikamoo, mashine yako itasubiri. Ukiweka chai karibu na kibodi, utainywea nje hata kama mvua inanyesha. Na dirisha la maandishi kwenye skrini likijigawa au likitoroka, haulizi umebonyeza nini, kwa kuwa anajua utamdanganya. Anauliza ni kitu gani kimeondolewa ofisini.

Swali hilo liliwahi kutuokoa. Asubuhi moja mtangazaji wetu, Matiasi, alipokea kwa simu tangazo la msiba kutoka Bugarama: mzee amefariki, anazikwa mchana uleule, na mwanawe Ansbert yuko Lukole, hana simu. Matiasi aliliandika, akatoka kunywa maji. Aliporudi, dirisha halipo! Hakuwa amelihifadhi, aliyepiga simu hapatikani tena, na tangazo la msiba halisomwi kwa kubahatisha majina. Alishanyoosha mkono kuizima kompyuta, Mama akamkemea kutoka mlangoni: "Usizime, wewe! Marehemu wa watu bado yumo humo."

Kisha akauliza ni kitu gani kimeondolewa ofisini. Kumbe wanakwaya walikuwa wamekuja kuazima skrini ya pili kwa sherehe ya komunyo, kama ilivyo kawaida yetu, wakaacha waya wake umechomekwa. Kompyuta ilidhani skrini bado ipo, na dirisha lilikuwa upande huo. Mama alichagua amri ya kuhamisha, akabonyeza mshale wa kushoto, na tangazo likaingia polepole mbele ya macho yetu. Lilisomwa kwa wakati. Ansbert alilisikia kwa jirani, akakodi bodaboda, akawahi kumtilia baba yake udongo. Leo yupo nasi hapa ukumbini kumuaga Mama, na mkungu wa ndizi aliokuja nao ni zawadi yake.

Tukubali kwamba tuliogopa siku hii. Juzi skrini iliazimwa tena, na wasifu huu ukatoweka nikiwa kwenye aya ya mwisho. Nilimwita Mama. Alikuja, akakunja mikono, akasubiri nifanye mwenyewe. Basi nikachagua kuhamisha, nikabonyeza mshale, na maandishi yote yakarudi. Alicheka, akaenda zake.

Asante sana, Mama. Nenda Ntobeye ukapumzike kwa amani na afya tele. Simu tutakupigia, lakini ni za shikamoo tu.