Chuma cha Reli Kimemlilia Bibi Recheli

Wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji poleni. Bibi Recheli Ngollo tunayemzika leo alizaliwa tarehe 3 Machi 1952 huko Kigwa, mtoto wa tatu wa Mzee Ngollo, kibarua wa gengi la reli, akaanza shule hapo hapo mwaka 1960 na kuishia darasa la nne baba yake alipofariki, lakini kusoma hakuacha, Biblia yake imechakaa hadi jalada limeshonwa kwa uzi wa kufungia tumbaku.

Tarehe 19 Juni 1971 alifunga ndoa na marehemu Ambrosi, mkulima wa tumbaku hapa Usoke, Mungu akawajalia watoto watatu, Bertila, Samweli na Sixbert. Ambrosi ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa kanisa letu, yaani kile chuma cha reli kinachoning'inia kwenye mti wa mninga, na alipofariki mwaka 1999 Bibi alipokea nyundo, akawa anaita watu kwenye ibada, na kukiwa na msiba anapiga polepole, pigo moja moja, hadi mashamba yote yajue kuna kaburi la kuchimba.

Utaratibu mnaujua, aliyetengwa na kanisa akifa kabla hajarudi kundini, chuma hakipigwi. Agosti 2019 alifariki Masele, aliyetengwa kwa kumwacha mke wake wa ndoa na kuishi na mwanamke mwingine, na asubuhi hiyo mama yake alikaa na maiti ndani peke yake, hakuna jirani aliyekuja na jembe. Bibi alichukua nyundo akapiga, kama anavyopigiwa mzee wa kanisa, watu wakaja mbio, wengine waliposikia ni Masele wakageuza, lakini waliobaki walitosha. Baraza la wazee likamwita, mwenyekiti, Mzee Silasi, akamwambia, "Mama Bertila, umehalalisha dhambi," naye akajibu, "Dhambi ya Masele nilimwambia usoni akiwa hai, hukumu yake iko kwa Mungu. Mimi nimewaita watu wa kuchimba kaburi tu." Wakamtaka atubu, akasema, "Zangu nitazitubu, ziko nyingi, hiyo hapana." Wakamnyang'anya nyundo, wakamtenga.

Basi akahamia benchi la nyuma pamoja na waliotengwa, na ndugu zangu, benchi lile lilichangamka! Aliimba hadi kwaya mbele ikageuza shingo, wanaume waliokuwa wakija kwa kujificha wakaanza kuwahi, akiwatania, "Sogea, mwenye dhambi mwenzangu, unanibana," lakini ibada ikiisha aliwashika mkono na kuwauliza nyumbani kukoje, na zaidi ya mmoja alirudi kwa mkewe, akaungama, akarudishwa kundini, yeye akibaki pale pale.

Novemba 2024 alipata kiharusi, akatibiwa Tabora, akauguzwa kwa binti yake Bertila mtaa wa Gongoni, na mjukuu wake Kabula, anayewasomea historia hii, aliyeacha kidato cha pili ili amlishe na kumgeuza kitandani, aliulizwa kila jioni, "Kabula, watanipigia?" na kila jioni alijibu, "Watakupigia, Bibi," ingawa hakuwa na uhakika. Jumanne tarehe 10 Juni 2025 Bibi alituacha, akiwa bado ametengwa.

Leo alfajiri Kabula alikuwa uani hapa Usoke akiwasha moto, chuma kikalia! Pigo moja moja, polepole, akaacha sufuria akakimbia hadi kwenye mninga, akamkuta Mzee Silasi mwenyewe, shati limelowa jasho, anapiga, na alipomwona akasema, "Baraza halijakaa, mjukuu wangu. Mimi nimewaita watu wa kuchimba kaburi tu. Wakinitenga, benchi la nyuma nafasi ipo."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tabora, majirani wa Gongoni, hasa Mzee Badrudin aliyetoa gari lake na Mama Dolatbai aliyeleta uji kila asubuhi, wakulima wenzake wa tumbaku, wenzake wote wa benchi la nyuma, na Mzee Silasi, aliyeshika nyundo alfajiri ya leo.

Bibi, wamekupigia. Watu wamekuja na majembe, uwanja umejaa. Lala sasa, ukiwa na amani.