Pilipili Amerudi Akisema "Naomba"

Kijiwe chetu ni benchi moja refu nje ya duka la Kinyozi. Asubuhi ile kahawa ilikuwa bado inaunguza midomo alipotokea Kinyozi mwenyewe, anahema. Alikuwa amemwona Pilipili, fundi cherehani wetu, anatembea. Pilipili ambaye kiharusi kilimwangusha juu ya mashine yake, mkono wa kulia ukalala, nasi tukaanza kumtaja kama marehemu.

Lakini Kinyozi alisema kutembea si kitu. Amemsikia akimwambia mkewe, mbele za watu, "Naomba unifungie kiatu." Pilipili huyu huyu, ambaye mteja akiulizia nguo yake hurushiwa mkasi!

— Ubongo ni bomba tu, akasema Fundi Bomba. Ukizibuliwa, unatoa na tabia mpya.

— Wapi! Mtu mzima habadiliki, akakata Dereva. Samaki mkunje angali mbichi.

— Ng'ombe hazeeki maini, sembuse ubongo! akajibu Fundi Bomba.

Dereva, asiyekubali kushindwa, akadai hospitali siku hizi wanawafungia watu roho za akiba, kama tairi la spea.

Hapo Pilipili akafika na fimbo yake, mkewe nyuma. Tukasogea, akakaa.

Akatusimulia. Kule hospitali, binti wa mazoezi ya viungo, mdogo wa kuwa mwanawe, alimpa shati afunge kifungo. Yeye, aliyeshona vifungo maisha yake yote, kikamshinda. Akamtukana binti, akalitupa shati. Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mwalimu mkuu mstaafu, bibi mzima, anajifunza upya kutamka "maji". Akikosea anacheka, anarudia. Kicheko kile kikamuumbua Pilipili.

— Nikaliokota shati mwenyewe. Nikamwambia binti, "Nimeshindwa. Nionyeshe tena." Jamani, maneno yale yalikuwa mazito kuliko huu mkono.

Kisha akanyoosha mkono ule ule, akashika kikombe. Kikatetemeka, kahawa ikamwagika mapajani. Mkewe hakumsaidia. Sote tulikuwa tumesimama bila kujua. Kikombe kikafika mdomoni. Tukashangilia mpaka mteja wa Kinyozi akatoka nje na povu kidevuni.

Katikati ya kelele akaja mgeni, suruali kwapani.

— Samahani wazee. Namtafuta yule fundi mkali. Bado yupo?

Tukamtazama Pilipili. Naye akamnyooshea mgeni mkono: "Mkali hayupo tena. Naomba hiyo suruali."